Mwone mama kwanza: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kununua mtoto wa mbwa

Kila habari za wezi zikianza kuzagaa mtaani, simu yangu hujaa. "Kaka, nataka German Shepherd, wapi nitapata original?" Mimi si daktari wa mifugo. Ni mtu wa Dar es Salaam anayefuga mbwa nyumbani, niliyewahi kuzika mbwa kwa ujinga wangu mwenyewe, na ambaye watu wamemzoea kama msindikizaji wao wanapokwenda kununua. Mifano mingi hapa ni ya German Shepherd kwa sababu ndiye anayetafutwa zaidi. Ukitaka Rottweiler, Boerboel au kale kadogo keupe ka kubeba mkononi, mengi ni yale yale.

Nitamjuaje mfugaji wa kuaminika?

Kwa maswali anayokuuliza yeye.

Nilimsindikiza rafiki yangu mmoja kwa mama mstaafu huko Bunju. Tulifika pesa ikiwa mfukoni, tukidhani tumekwenda kununua. Tukatoa shikamoo, tukapewa chai barazani, kisha usaili ukaanza. "Mwanangu, ukuta wako umefika wapi? Ukienda kazini nani anabaki nyumbani? Umeshawahi kufuga? Huyo wa kwanza alikufa kwa nini?" Rafiki yangu akasema ukweli, kwamba uzio bado ni wa michongoma na upande mmoja una tundu. Mama akamwongezea chai, akamwambia: "Kajenge kwanza, baba. Mimi na mbwa tupo." Rafiki yangu alinuna mpaka Tegeta. Mwaka uliofuata alirudi na picha za ukuta kwenye simu, akauziwa, na hadi leo yule mama humpigia kuuliza mbwa anaendeleaje.

Mtu wa namna hiyo utamtambua pia kwa mambo mengine. Anafuga aina moja, labda mbili. Hana watoto wa kuuza kila unapompigia, kwa hiyo mara nyingi utaambiwa usubiri mzao ujao. Anakukaribisha kwake, si kituo cha mafuta. Ukimuuliza kasoro za mbwa wake anazitaja: huyu ngozi yake inasumbua wakati wa joto, yule ana woga wa radi. Anayekuambia mbwa wake hawana kasoro hata moja anakuchukulia kama mtoto.

Kuna tofauti gani kati ya mfugaji na dalali?

Dalali hajui mtoto alizaliwa wapi. Ameokota wawili Kigamboni, mmoja Chanika, watatu Kibaha, akawaweka boksi moja, na ugonjwa wa mmoja umekuwa wa wote. Mpigie simu muulize tu, "Una aina gani?" Akijibu "wewe unataka aina gani, bosi?" umeshapata jibu lako.

Kwa nini mnasisitiza sana kumwona mama?

Kwa sababu mtoto wa wiki nane hakuonyeshi kitu. Wote ni wazuri, wote wanene, wote wanatingisha mkia. Atakavyokuwa baada ya miaka miwili, kimo chake, ngozi yake, mwendo wake, hasira zake, yote hayo yamesimama mbele yako kwa mama yake. Mimi huenda kumtazama mama. Watoto nawatazama mwishoni.

Wauzaji nao wanajua kwamba wateja siku hizi wanamuulizia mama, kwa hiyo mama huazimwa. Nilikwenda kwa kijana mmoja nje kidogo ya jiji, njia ya Morogoro, nikaonyeshwa jike mzuri wa mgongo mweusi amefungwa mnyororo chini ya mwembe. "Mama yao huyo, bosi." Watoto watano walikuwa kwenye banda la mbao, hatua kama ishirini. Nikaomba wafunguliwe. Kijana akasitasita, akafungua. Watoto wakatimka mbio kumfuata yeye, mshika bakuli, wala hawakugeuka kwenye mwembe. Mmoja alipojisahau akapita karibu, jike akamkunjia pua na kumngurumia kama mgeni. Nikachuchumaa nimwangalie tumbo: chuchu ndogo, zimebana tumboni, manyoya yamezizunguka kote.

Jike anayenyonyesha hafanani hivyo. Chuchu zake zimening'inia, manyoya yamepungua kuzizunguka, na ngozi ya hapo ina mikwaruzo midogo ya kucha za watoto. Kwa kawaida amekonda kidogo na manyoya ya mwilini yanapukutika ukimpapasa. Watoto wakimwona wanamvamia, na kufikia wiki ya sita au ya saba yeye ndiye anayewakwepa, maana meno yao ni sindano. Hayo hayaigizwi.

Utasikia visingizio: mama kapelekwa shamba, mama mkali sana leo, mama aligongwa na gari. Mama anaweza kweli kufa, lakini mwenye mbwa aliyefiwa na jike atakuwa na picha zake kumi kwenye simu na jina la daktari aliyemtibu.

Wenzetu wa England wameliweka jambo hili kwenye sheria. Tangu Aprili 2020 mtu wa kati haruhusiwi kuuza mtoto wa mbwa au paka aliye chini ya miezi 6. Unanunua kwa aliyezalisha, au unachukua kwenye makazi ya wanyama. Sheria hiyo wanaiita kwa jina la Lucy, jike wa aina ya Cavalier aliyeokolewa mwaka 2013 kutoka kiwanda cha kuzalisha mbwa huko Wales akiwa amechakaa kwa kuzalishwa. Sisi tunayo Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, inayokataza ukatili, lakini pale getini mkaguzi ni wewe.

Na baba je?

Baba kutokuwepo si dalili mbaya. Mfugaji makini mara nyingi humpeleka jike wake kupandishwa kwa dume wa mtu mwingine, wakati mwingine hata mkoa mwingine, ili asipandishe ndugu kwa ndugu. Kwa kweli baba anapokuwa palepale nyumbani mimi ndipo ninapouliza zaidi: huyu dume na huyu jike wana undugu? Mbwa wengi wa aina hizi mijini kwetu wametokana na wachache walioletwa, na kupandisha baba na binti ni jambo linalofanyika bila aibu. Omba kutajiwa majina ya babu na bibi pande zote mbili. Majina yakirudiarudia, kaa chini ufikiri.

Hapo hapo uliza jike ana umri gani na huu ni mzao wa ngapi. Jike hupata joto karibu mara mbili kwa mwaka, na mimba yake ni siku 63 hivi, kwa hiyo mwenye tamaa anaweza kumzalisha mfululizo mpaka mgongo uingie ndani. Aliyezaa kabla ya kutimiza miaka miwili alizalishwa akiwa bado mtoto mwenyewe.

Mtoto achukuliwe akiwa na umri gani?

Wiki nane, siyo chini. Huku kwetu wengi huuzwa wakiwa na wiki nne au tano, na sababu ni ya kihesabu: kuanzia hapo wanaanza kula dona na dagaa za mwenye nyumba, na ndipo wanapopendeza zaidi kwenye picha.

Wiki hizo tatu au nne zinazoibwa ndizo mtoto anapojifunza mambo ambayo wewe huwezi kumfundisha. Akimng'ata ndugu yake kwa nguvu, ndugu anapiga kelele na mchezo unakwisha. Akimng'ata mama, anabanwa chini. Hivyo anajua kipimo cha meno yake. Watafiti Scott na Fuller, waliofanya kazi kwa miaka mingi na watoto wa mbwa huko Bar Harbor, Marekani, na kuchapisha matokeo mwaka 1965, walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mbwa anapojenga uhusiano wake na mbwa wenzake na watu. Aliyelelewa bandani bila kushikwa na mtu kipindi hicho, woga wake utaulisha na kuunywesha miaka kumi.

Kuhakikisha umri, fungua mdomo. Mtoto wa wiki nane ana meno ya utoto mbele, pembeni na nyuma. Ukikuta ya mbele ndiyo yanachomoza tu na nyuma ni ufizi mtupu, huyo ana mwezi, hata kama muuzaji ataapa. Tazama pia anavyotembea: wa wiki nne bado anayumba, akigeuka ghafla anakaa.

Muuzaji anasema ameshapata chanjo zote. Nimwamini?

Hapana, kwa sababu haiwezekani. Chanjo ya mchanganyiko, ile ya kukinga magonjwa ya virusi kama pavo, distempa na wenzake, huanza wiki ya 6 mpaka ya 8, kisha hurudiwa kila baada ya wiki 2 hadi 4 mpaka mtoto afikishe wiki 16. Hairudiwi ili daktari apate hela. Mtoto anakuja na kinga kutoka kwenye maziwa ya mama, na kinga hiyo huimeza chanjo kabla haijafanya kazi. Inaisha lini, kila mtoto na siku yake, ndiyo maana unachanja tena na tena mpaka uwe na uhakika. Ya kichaa cha mbwa hupigwa akifika miezi mitatu. Kwa hiyo mtoto wa miezi miwili "aliyemaliza chanjo" ni mtoto wa muuzaji asiyejua au anayekudanganya. Mkweli atakwambia: "Amepata ya kwanza tarehe fulani, ya pili inakuhusu wewe."

Kadi yenyewe isome. Vichupa vya chanjo huwa na kibandiko chenye jina la chanjo, namba ya toleo na tarehe ya kuisha muda; daktari hukibandua na kukibandika kwenye kadi, kisha anaandika tarehe na kusaini. Kadi iliyojazwa kwa kalamu moja, mwandiko mmoja, tarehe tatu, bila kibandiko hata kimoja, imejazwa asubuhi ile ile. Chukua jina la daktari na umpigie. Madaktari wa mifugo nchini husajiliwa na Baraza la Veterinari, na daktari wa kweli hakasiriki kuulizwa.

Jambo moja linalosahaulika ni barafu. Chanjo hizi hutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Nimeshamwona mtu ananunua chanjo duka la dawa za mifugo, anaitia mfuko wa shati, anapanda daladala saa saba mchana kwenda kuwachoma watoto wake mwenyewe. Aliwachoma maji ya moto.

Pavo ni nini hasa, mbona kila mtu anaitaja kwa hofu?

Mbwa wangu wa kwanza wa kununua alitoka kando ya barabara, kwa kijana aliyembeba ndani ya koti, kichwa tu kikichungulia. Nilimpa hela bila kuuliza hata swali moja. Siku ya kwanza alicheza. Ya pili alicheza. Siku ya nne asubuhi alikataa uji, mchana akatapika povu la njano, jioni akaanza kuhara damu. Ile harufu ukishaisikia mara moja hutaiuliza tena. Alikufa usiku wa kuamkia siku ya sita, ametundikiwa dripu sebuleni kwangu, na fundi wa dripu alitoza zaidi ya bei niliyomnunulia mbwa.

Baadaye ndipo nikaelewa hesabu. Kirusi cha pavo hukaa mwilini siku 3 hadi 7 hivi kabla dalili hazijatokea, wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo alikuja nacho. Kijana aliniuzia mgonjwa ambaye alikuwa bado hajaugua.

Kirusi hicho hudumu kwenye udongo miezi mingi, hata mwaka. Sabuni ya kawaida haikiui. Sakafu na vyombo unaosha kwa dawa ya klorini ya kufulia nguo, sehemu 1 kwa 30 za maji, ukiiacha dakika kumi. Bustani huwezi kuiosha. Kama umefiwa na mbwa kwa pavo, usilete mtoto mwingine kwenye uwanja ule ule kesho yake kwa ajili ya kufuta machozi. Na ukienda kwa mfugaji, vua viatu ulivyotoka navyo kwa mfugaji mwingine. Mama wa Bunju ana ndala zake za wageni getini na beseni la dawa. Mara ya kwanza nilidhani ni madaha.

Tumbo lake kubwa, maana yake kashiba?

Huenda. Tumbo lililokaza kama ngoma huku mbavu zikihesabika ni minyoo. Watoto wa mbwa huipata kutoka kwa mama tangu tumboni na kwenye maziwa, kwa hiyo dawa huanza akiwa na wiki mbili na hurudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane. Mfugaji anayesema "nitampa akikua" hajafanya hata kile cha bei rahisi kuliko vyote. Na minyoo hiyo hupita kwa watoto wa binadamu wanaochezea mchanga, basi usilichukulie kuwa jambo la mbwa tu.

Nitajuaje kama ni "original"?

Swali hili huulizwa kuliko yote, nami huwa nalijibu bila raha, kwa sababu anayeliuliza amekwisha kuamua kutazama rangi badala ya afya.

Masikio kwanza. Watoto wengi wa German Shepherd wa wiki nane bado wana masikio yaliyolala. Kwa kawaida husimama kati ya mwezi wa 3 na wa 6, na wakati meno yanabadilika yanaweza kusimama moja, kulala, kusimama tena. Ukiambiwa "yamesimama tayari, original kabisa" kwa mtoto wa miezi miwili, uliza umri tena; masikio hayathibitishi kitu. Usimpe kalsiamu ya ziada ili yasimame; kwa mbwa wakubwa kalsiamu ikizidi huharibu mifupa inayokua. Kinywa cheusi, kucha ya ziada mguuni, doa la ulimi: hayo ni mazungumzo ya kijiweni. Manyoya marefu nayo yanauzwa kama ukoo wa kifalme, lakini ni urithi uliojificha tu ambao wazazi wawili wa manyoya mafupi wanaweza kuutoa, na kwa joto la Dar mwenye nayo anateseka.

Makaratasi yapo. Kwa ukanda wetu chama kinachojulikana kwa kusajili mbwa ni East Africa Kennel Club ya Nairobi, na kwa mbwa waliotoka Afrika Kusini utaona jina la KUSA, chama cha huko. Karatasi inakuambia wazazi na mababu ni nani. Haikuambii kama wana afya. Na karatasi haina faida kama haijafungwa na mbwa mwenyewe: tafuta namba ya chipu, kile kidude kidogo kinachowekwa chini ya ngozi, ya tarakimu 15, mwombe daktari apitishe kisomeo shingoni, namba zilingane. Nimewahi kuona karatasi moja iliyouza mbwa watatu.

Kama huna mpango wa kumpeleka kwenye maonyesho wala kuzalisha, karatasi si lazima. Aliyeianzisha aina hii, Max von Stephanitz, mwaka 1899 alimnunua mbwa wa kuchunga aliyemwona kwenye maonyesho, akamwita Horand von Grafrath, akamsajili kuwa wa kwanza. Alichokitafuta kilikuwa mbwa anayefanya kazi kutwa nzima. Sisi tunamlipia mamilioni mjukuu wake kisha tunamfungia kwenye banda la hatua mbili kwa tatu, halafu tunashangaa kwa nini anazunguka mkia wake.

Nimesikia German Shepherd huvunjika nyonga. Ni kweli?

Hazivunjiki, hukaa vibaya. Kichwa cha mfupa wa paja hakikai sawasawa kwenye kikombe chake, na kadiri mbwa anavyokua panasagika. Ni ugonjwa wa kurithi kwa sehemu, na malezi huongeza: unene utotoni, sakafu ya vigae inayoteleza, kurukaruka ngazi.

Ulaya wazazi hupigwa eksirei wakishatimiza mwaka na nyonga hupewa daraja, A ikiwa safi na E mbaya kabisa. Kwetu ni wachache mno waliofanya hivyo, nami sitakudanganya kwamba utampata kirahisi. Uliza hata hivyo. Jinsi mtu anavyolipokea swali hilo inakupa picha yake. Kisha mwombe amtembezee mama. Mtazame anapoinuka kutoka kulala: anajivuta kwa miguu ya mbele? Akikimbia, miguu ya nyuma inakwenda mmoja mmoja au anairusha yote miwili kama sungura? Kaa nyuma yake, usikae ubavuni. Mgongo ulioteremka sana mpaka visigino vinakaribia ardhi, unaosifiwa kwenye picha, mimi naupita.

Nataka mbwa mkali. Je, nichague mama mkali?

Chagua mama anayebweka ukifika getini na kunyamaza mwenye mbwa akimwambia "basi." Anayebweka huku anarudi nyuma, mkia katikati ya miguu, ni mwoga, na mwoga ndiye anayemng'ata mtoto wa jirani aliyekuja kuokota mpira. Mwizi anapita.

Bei halali ni ipi?

Sitaji bei, kwa kuwa kesho itakuwa imebadilika. Mwombe mfugaji akuhesabie mwenyewe: kupandisha, chakula cha mama mjamzito, dawa za minyoo mara nne kwa kila mtoto, chanjo, daktari. Mwenye mbwa wake kweli ana hesabu hiyo kichwani, na hukutajia akiwa na uchungu. Asiye nayo amenunua kwa jumla.

Kishika uchumba kinatolewa baada ya kuona watoto na mama, kwa maandishi, pamoja na sharti la kurudishiwa ikiwa mtoto ataugua kabla ya kuchukuliwa.

Nimemwona mtandaoni, yuko Mwanza, wanasema nitume hela apandishwe basi.

Usitume. Picha ni ya mbwa wa Ulaya, nyuma ukiangalia vizuri kuna zulia na sehemu ya kuotea moto. Atakuambia tuma na ya kutolea, kisha ya boksi, kisha ya kibali, kisha mbwa amezuiwa Dodoma na anahitaji sindano. Mpigie simu ya video sasa hivi, bila kumpa nafasi, umwambie amshike mtoto huyo na kijiko mkononi. Asiyekuwa na mbwa hatapata kijiko.

Hata kama yupo kweli, mtoto wa wiki nane kwenye buti la basi kwa saa kumi na tano ni kumchinja polepole. Kama huwezi kwenda, mtume ndugu yako aliyeko huko akamwone.

Naweza kumleta kutoka Kenya au Afrika Kusini?

Unaweza, kwa kibali cha kuingiza mnyama kutoka mamlaka ya mifugo, cheti cha afya na chanjo ya kichaa cha mbwa, vyote vikiandaliwa kabla ya safari. Anayekuambia "Namanga tunapita tu" anakuingiza kwenye matatizo yake. Kumbuka pia kwamba mbwa aliyekulia mahali pasipo na kupe wetu hana uzoefu wa magonjwa yao. Homa ya kupe huwaangusha wageni hao haraka sana.

Je, kuna mkataba?

Karatasi moja inatosha: majina, tarehe ya kuzaliwa, alama za mtoto, chanjo na dawa alizopata, bei, na kwamba unampeleka kwa daktari wako ndani ya siku tatu na akikutwa na ugonjwa unarudishiwa pesa. Ongeza kuwa ukishindwa kumtunza mfugaji yuko tayari kumpokea tena. Mtie saini mbele ya shahidi. Wengine huenda kwa mjumbe, si vibaya. Muuzaji akikasirika kwa ajili ya karatasi, mshukuru na uage.

Mimi ni Mwislamu. Inafaa kununua mbwa?

Muulize shehe wako, siyo mimi. Ninachokijua ni kwamba kufuga kwa ajili ya ulinzi, mifugo na kuwinda kumeruhusiwa, na suala la kupokea au kulipa thamani ya mbwa lina maneno: madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi pwani yetu, hayakubali kuuza mbwa, ilhali Hanafi wanaruhusu. Kuna wafugaji wanaolielewa hili na hutoa mtoto bure huku wakirudishiwa gharama za dawa na chakula. Sema mapema, bila kuona haya. Na hata usipokuwa Mwislamu, kama majirani zako ni wanaokwenda swala ya alfajiri, hakikisha mbwa wako hawafikii njiani; mate yake kwao ni najisi, ya kuosha palipoguswa na kufua nguo.

Kwani lazima awe wa aina? Koko hafai?

Anafaa sana, na mara nyingi ana afya kuliko hao wote. Ukipata jike wa mtaani mtulivu aliyezaa kwa jirani, masharti ni yale yale: wiki nane, minyoo, chanjo, mama umemwona. Karibu na tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, halmashauri nyingi huchanja bure. Mbwa wangu anayebweka kwa akili kuliko wote ni koko wa Mbagala. Hata German Shepherd wangu humfuata yeye.

Siku ya kumchukua nibebe nini?

Boksi lenye matundu, taulo mbili, maji, mifuko ya plastiki kwa matapishi. Mwambie mfugaji asimlishe kwa muda wa saa tatu za mwisho kabla ya safari. Ondoka alfajiri, kabla ya jua na kabla ya foleni ya Mwenge. Uliza anakula nini hasa, kiasi gani, saa ngapi, na umpe hicho hicho wiki nzima ya kwanza, hata kama wewe umenunua chakula cha mfuko cha bei mbaya.

Siku chache kabla, peleka kwa mfugaji kitambaa, fulana yako kuukuu inafaa, umwombe akitandike anapolala mama na watoto. Usikifue. Usiku wa kwanza atalia kuanzia saa nne; mtandikie hicho, umweke boksi karibu na kitanda chako.